Mjusi wa Mnara wa Taa

Jina la Mjusi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wapakuaji mizigo wa bandarini, siku walipoinua macho wakamwona mwanamke amening'inia kwenye ukuta wa mnara wa taa, juu kama ghorofa ya tisa, brashi mkononi, anapaka rangi kwa utulivu kama anapaka ukuta wa jiko lake. Mmoja akasema yule si mtu, ni mjusi. Wenzake wakacheka, na tangu hapo jina likamganda. Mwenyewe alipolisikia hakununa. Alisema bora mjusi, maana hajawahi kusikia mjusi aliyeanguka akavunjika mguu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya baba mkwe wake, fundi rangi wa ofisi ya bandari. Kila mwaka mvua zikiisha, mzee huyo alipanda ngazi mia moja sabini na mbili mpaka kwenye roshani ya juu, akafunga kamba kwenye pete ya chuma, akakaa kwenye kibao chembamba kama cha bembea, na kujishusha taratibu huku akikwangua na kupaka. Watu wengi hudhani mnara wa taa unafanya kazi usiku tu. Mchana nao mabaharia wanauhitaji, na mchana wanautambua kwa rangi zake. Huu ulikuwa mweupe, wenye mishipi miwili myekundu kiunoni. Rangi ikifubaa, nahodha anayetoka mbali hawezi tena kuutenga mnara na mawingu yaliyo nyuma yake.

Mrithi wa kazi hiyo alitakiwa awe mtoto wa pekee wa mzee, yaani mume wa Mjusi. Lakini mume huyo alikuwa fundi cherehani, tena mtu wa kushikwa na kizunguzungu akisimama juu ya stuli. Balbu zote za nyumba ile alizibadilisha mkewe. Mzee aliliona hilo mapema. Mkwewe alipoanza kumsaidia kuchanganya rangi uani, mzee akaona ana mkono mzuri na hana haraka, akawa anamweleza hiki na kile, kidogo kidogo, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Ndipo asubuhi moja mzee akapatwa na kizunguzungu akiwa katikati ya ukuta. Ilikuwa ni sikio, daktari alisema baadaye, ugonjwa wa sikio la ndani usiotibika kabisa. Alijishusha hadi chini akiwa amefumba macho, akakaa kwenye nyasi muda mrefu, kisha akarudi nyumbani na kusema amekwisha. Mnara ulikuwa umepakwa nusu. Upande wa nchi kavu uling'aa, upande wa baharini ulikuwa na madoa, na meli zilikuwa zinaingia kila siku.

Jioni hiyo Mjusi alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, kwamba yeye ataumalizia. Alikuwa na miaka ishirini na saba na binti wa miaka mitatu. Mama mkwe wake alisusa kwa siku tatu. Alisema ameshakaa miaka thelathini ametega sikio akisubiri kishindo, na sasa mumewe ameteremka salama, hawezi kuanza upya na mkwe. Mume naye hakumzuia. Alimjua mkewe vizuri. Alijua neno lake akishalitoa halirudi.

Mzee hakukubali wala hakukataa. Alimpeleka uani, akampa kamba, akamwambia afunge fundo la kibao kwenye nguzo. Akafunga. Akamwambia afunge tena amefumba macho. Kisha mikono ikiwa imelowa maji ya sabuni. Kisha huku mzee akimsemesha na kumbishia mambo ya nyumbani ili kumvuruga. Zoezi hilo lilikwenda kwa siku nane, asubuhi na jioni, mpaka nguzo ikaota alama. Siku ya tisa mzee alivuta fundo mara moja, akalitazama, akasema wapande.

Kushuka kwa mara ya kwanza hakukuwa na ushujaa wowote, na Mjusi mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Alipita ukingo wa roshani, akakaa kwenye kibao, na mkono wake ukagoma kulegeza kamba.  Chini, mumewe alikuwa amesimama kuzuia wapita njia wasikatize, lakini alikuwa ameupa mnara mgongo kwa sababu hakuweza kutazama. Juu, baba mkwe aliinamia reli ya roshani akamwambia kwa upole:

"Usitazame chini, mwanangu, wala usinitazame mimi. Tazama ukuta. Kuna nini hapo mbele ya pua yako?"

Mbele ya pua yake kulikuwa na rangi iliyovimba kama chapati, ina ufa mdogo pembeni. Alitoa chuma cha kukwangulia, akaikwangua. Ikabanduka vizuri. Pembeni yake kulikuwa na nyingine. Alipokuja kuzinduka, alikuwa ameshashuka mita nne na mkono umesahau kugoma.

Alimaliza nusu iliyobaki kwa wiki tano. Ofisi ya bandari ilikuja kukagua, ikasifu kazi, ikadhani ni ya mzee. Mzee akawaambia ukweli. Walikuna vichwa, wakatafuta kanuni ya kumzuia, hawakuipata. Mwaka uliofuata wakamwandika rasmi.

Hapo ndipo Mjusi alipoanza kuujua mnara kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyeujua. Mlinzi wa taa, aliyeishi kwenye nyumba ndogo pale chini, aliijua taa. Alikuwa amesikia kwa waliomtangulia jinsi ilivyoanza kwa utambi na mafuta ya mbegu, ikaja mafuta ya taa, na lenzi kubwa ya vioo ikawa inazungushwa na mashine ya uzito kama saa ya ukutani, ambayo mlinzi alitakiwa kuupandisha uzito wake kwa mkono tangu jua kuzama mpaka asubuhi. Yeye mwenyewe aliukuta umeme. Lakini ukuta hakuujua. Ukuta aliujua Mjusi, kwa sababu alikuwa akiukwangua.

Chini ya rangi nyeupe alikuta rangi ya kijivu, tabaka moja tu, iliyopakwa ovyo. Alimuuliza mlinzi. Mlinzi alimweleza kwamba miaka ya vita taa ilizimwa na mnara ukapakwa rangi ya jabali, adui asiuone kutoka baharini. Chini ya kijivu, mahali pa mishipi, alikuta nyekundu ya zamani, na chini yake rangi nyeusi. Hilo nalo lilikuwa na kisa chake: mnara mwingine upande wa kusini ulikuwa na mishipi myeusi, nahodha mmoja akaichanganya, akaipandisha meli yake kwenye mwamba saa nne asubuhi, jua likiwaka. Watu wote waliokolewa. Mwaka uleule mishipi ikawa myekundu. Chini ya nyeusi kulikuwa na chokaa tupu, na chini ya chokaa, jiwe.

Kwenye mawe alikuta alama walizochonga mafundi wa kwanza, kila mmoja alama yake, ili kazi zao zisichanganywe. Walikuwa watatu aliowatambua: mmoja alichora ndoana, mmoja mshale, mmoja jicho. Mjusi aliwazungumzia kama majirani. Alisema wa ndoana alikuwa fundi hasa, maungio yake huwezi kupitisha hata unywele. Wa jicho alikuwa na haraka, huenda aliitwa kula mara kwa mara. Kila tabaka la rangi alilobandua alichukua kipande kimoja kikubwa kama ukucha, akakiweka kwenye kopo la maziwa na kikaratasi cha tarehe. Binti yake aliyakuta makopo hayo siku moja akauliza ni uchafu gani. Mjusi akamjibu kwamba ni miaka.

Upande wa baharini, juu ya dirisha la tatu, palikuwa na ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda kama mita tano, tena kwenye mawe ya yule mwenye haraka. Mwaka mmoja kabla Mjusi hajaolewa, tetemeko dogo la ardhi lilikuwa limepita likaacha sahani zimevunjika mjini na ufa huo mnarani. Mzee alikuwa amefanya jambo la busara. Alikata vipande vitano vyembamba vya kioo kutoka kwenye dirisha bovu la nyumbani, akavibandika kwa plasta kuukatiza ufa, ncha moja huku na nyingine kule, na kwenye kila kimoja akakwaruza tarehe kwa msumari. Ufa ukisogea hata kwa unene wa karatasi, kioo kitakatika. Kioo kikiwa kizima, ufa umelala.

"Kila mwaka uvitazame vyote vitano," mzee alimwagiza, "na uandike. Mimi mkono wangu mzito kwenye kuandika, nilikuwa naweka kichwani. Kichwa changu sasa hakiaminiki."

Mjusi alinunua daftari la shule, akaandika. Kila mwaka kurasa tano, mmoja kwa kila kioo: tarehe, hali ya hewa, kioo cha kwanza kizima, cha pili kizima, mpaka cha tano. Wakati wa kupaka rangi alivifunika kwa karatasi ili visipakwe. Mzee alifariki, mama mkwe akafuata, binti akakua akaenda chuo cha ualimu na kurudi ameolewa. Daftari moja likajaa, likaja la pili, likaja la tatu. Mlinzi wa taa alistaafishwa taa ilipowekewa mtambo wa kujiwasha wenyewe. Aliondoka na sanduku moja na kiti chake cha kukunja, na nyumba yake ikafungwa kwa kufuli. Kuanzia hapo, mtu pekee aliyeugusa mnara kwa mikono yake alikuwa Mjusi, na yeye ni mara moja kwa mwaka.

Mwaka wake wa thelathini na moja kazini, alikuta barua ya ofisi ya bandari imebandikwa kwenye lango. Aliisoma mara mbili ile barua akiwa na ndoo ya rangi mkononi. Ilisema mnara una ufa mkubwa unaohatarisha maisha ya watu, kwamba wataalamu wameupiga picha kutoka chini na kuthibitisha, na kwamba utabomolewa. Mahali pake patasimamishwa nguzo ya chuma yenye taa ndogo.

Alirudi nyumbani hajapaka hata kiganja. Alimkuta mumewe kwenye cherehani, akamsimulia. Mume alisimamisha gurudumu kwa mkono, akauliza swali moja tu, kama ufa umesogea. Mjusi akasema haujasogea. Mume akachomoa sindano alizokuwa amezichomeka kifuani, akavaa koti lake la kutokea, akasema twende tukawaambie. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuthubutu kutazama kazi ya mkewe alikuwa tayari kula yamini kwa ajili yake.

Ofisini waliketishwa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Mhandisi aliyewapokea mwishowe alikuwa kijana mwenye adabu na uchovu, meza yake imejaa karatasi. Aliwapa viti, akaeleza upya yaliyo kwenye barua, pole pole, kama mtu anayewaambia ndugu habari za mgonjwa.

"Mama, ufa upo," alimalizia. "Unaonekana hata kwa macho."

"Upo. Sikusema haupo," Mjusi alijibu. "Nimesema haujasogea."

Akayatoa madaftari matatu kwenye mfuko ambao mumewe alikuwa ameushona, akayaweka mezani. Mhandisi aliyafungua kwa heshima tu, shingo upande. Akapekua kurasa. Kizima, kizima, kizima. Uso wake ulionyesha wazi anachofikiri: mtu anaweza kukaa nyumbani akaandika kizima mara mia. Kisha akafika ukurasa wa mwaka wa kumi na moja, akasimama. Pale paliandikwa hivi: "Kioo cha tatu nimekivunja mimi kwa chuma cha kukwangulia. Ni uzembe wangu, si ufa. Nimevirudisha vipande pamoja, vinakutana sawasawa. Nimebandika kingine leo hii."

Mhandisi aliisoma tena. Akainua macho.

"Hili kwa nini uliliandika? Hakukuwa na mtu wa kulisoma."

"Ningeliacha," Mjusi akasema, "mwaka uliofuata ningekuta tarehe mpya, nikasahau, nikaanza kuusingizia ukuta."

Mhandisi alifunga daftari, safari hii kwa mikono miwili. Aliuliza kama vioo bado vipo. Vipo. Aliuliza kama vinaonekana kutoka dirishani. Havionekani, lazima ushuke kwa kamba. Akauliza kama hakuna ngazi. Mume wa Mjusi, ambaye hali hiyo aliielewa kuliko mtu yeyote pale, alimtazama kijana yule kwa huruma ya dhati.

Walishuka kesho yake asubuhi, kibao kando ya kibao. Mjusi alifunga mafundo yote mwenyewe na hakumruhusu mtu mwingine kuyagusa. Mhandisi alivaa kofia ngumu na mkanda wa usalama wa kisasa, na juu ya hayo yote midomo yake ilikuwa imekauka. Walipopita ukingo, mkono wake nao ukagoma kulegeza kamba. Mjusi hakumcheka. Alimwambia atazame ukuta, amwambie anaona nini mbele ya pua yake. Kijana akasema anaona rangi iliyovimba. Mjusi akampa chuma, akamwambia aikwangue basi, kwani anadhani nani ataifanya hiyo kazi. Kijana akakwangua, huku akihema. Na mkono wake nao ukasahau kugoma.

Kwenye ufa aliviona. Vioo vinne vya mzee, vimefifia kwa chumvi, tarehe zake za msumari bado zinasomeka, na kimoja cha Mjusi, cha tatu. Vyote vizima. Mhandisi alitoa lenzi ya mkononi, akachunguza plasta kwenye ncha zote kumi, moja baada ya nyingine, akitafuta mahali ilipobanduka au kubandikwa upya. Hakupata. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. Upepo ulikuwa unavisukuma vibao taratibu. Mwishowe alisema, bila kugeuza kichwa, kwamba yeye alitia sahihi ile barua akiwa ameuona mnara kwenye picha tu.

"Sasa umeuona," Mjusi akamwambia. "Tushuke, miguu yako itakufa ganzi."

Kijana huyo alikuwa na haki ya kuliacha jambo limalizwe na wakubwa wake. Hakuliacha. Aliandika barua nyingine kuipinga ile yake mwenyewe, jambo ambalo ofisini halimpendezi mtu. Zililetwa ala za kupimia, zikafungwa kwenye ufa kwa miezi kumi na minne. Ziliandika karibu sifuri. Ubomoaji ukafutwa, ufa ukazibwa kitaalamu, na mnara ukaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yasiyoguswa bila kibali.

Walipotaka kuandika historia yake kwenye ubao wa mlangoni, ofisi iligundua kwamba haina historia yoyote ya kuandika. Mafaili ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa. Mhandisi akajua wa kumwendea. Mjusi aliwapangia makopo ya maziwa mezani kwa mpangilio wa matabaka, akawaeleza chokaa, mishipi myeusi, meli iliyopanda mwamba, kijivu cha vita, na mafundi watatu wenye alama zao. Mwandishi wa ofisi aliandika mpaka akaomba maji. Walipotaka kuweka jina lake juu ya ubao, aliwaambia la baba mkwe wake litangulie, na wakalitanguliza.

Kisha akaulizwa na mkubwa wa bandari kama kuna kitu angependa kufanyiwa. Walitegemea ataomba cheti au sherehe. Mjusi alifikiri kidogo, akasema kwa aibu kwamba hajawahi kuuona mnara kutoka baharini. Ameupaka miaka yote hiyo kwa ajili ya watu wa majini, na yeye ameuona kutoka nchi kavu tu, tena mara nyingi akiwa umbali wa kiganja.

Basi wakampandisha kwenye boti ya rubani wa meli, yule anayetoka kuzipokea meli nje na kuziongoza kuingia bandarini. Ilikuwa saa tano asubuhi, bahari imetulia. Mumewe alikaa karibu naye ameshika ukingo kwa mikono yote, maana kumbe na boti pia haziwezi. Walipofika mbali kiasi cha maili tatu, rubani alipunguza mashine akasema geukeni.

Mji ulikuwa umegeuka mstari wa vumbi. Huwezi kutambua nyumba, huwezi kutambua barabara. Katikati ya mstari ule ulisimama mnara, mweupe pe, na mishipi yake miwili, na jicho halikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mume wake alisahau kushika ukingo. Aliutazama muda mrefu, yeye aliyeupa mgongo miaka yote, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hii ndiyo kazi yako."

 Mjusi macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini alikuwa amekunja uso kwa namna ambayo mumewe aliitambua mara moja. Alimgeukia rubani.

"Ule mshipi wa chini umepinda."

Rubani akacheka. Akasema umepinda tangu yeye anaanza kazi, kidogo tu upande wa kushoto, na kwamba marubani wote wanaujua na wanaupenda hivyohivyo. Akamwomba asiuguse.

Mjusi aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa safari. Mvua zilipoisha mwaka ule, alipanda ngazi zote mia moja sabini na mbili na uzi mrefu wa kupimia begani, akafunga fundo, akashuka mpaka kwenye mshipi wa chini, na kuunyoosha.